Karatasi Tupu ya Jumatatu

Mkosaji ni mimi. Si mashine, si umeme, na si yule mama wa watu aliyebebeshwa lawama mpaka akaingia nayo kaburini. Ni mimi mwenyewe, mwenye akili timamu, niliyejiona mjanja kuliko Dodoma nzima!

Jina langu silitaji, nina watoto na wakwe hapa mjini. Majina ya wengine nimeyabadili. Nisikilizeni tu, maana nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Miaka ile ya soko huria, wenzangu wa rika langu mnakumbuka, kazi za serikali zilipunguzwa kama mtu anavyopogoa mzabibu. Na mimi nilipogolewa. Nilikuwa karani, nikajikuta nyumbani na kipaji kimoja tu: kompyuta. Zile za mtumba zilikuwa zimeanza kuingia, kubwa, nzito, zinanguruma, na watu walikuwa wanazinunua kisha wanazifunika kitambaa cha kufuma kwa sababu hawajui cha kuzifanyia.

Nikafungua kibanda cha kuchapa barua na kuweka programu kwenye mashine za watu. Nilikuwa na boksi la CD na diski, nyingine zimetoka kwenye majarida ya Ulaya, nyingine nimenakili kwa wanafunzi wa chuo. Mwenye duka akitaka programu ya kupanga mali zake, ninayo, bure. Mchungaji akitaka ya kuchapa ratiba ya ibada, ninayo, bure. Wakaniita Bwana Bure. Nami kichwa kikavimba, jamani! Nikipita sokoni nasikia "Bwana Bure huyo!" natembea kama waziri.

Sasa nikwambieni siri ya kazi ile. Bure ziko mbili. Kuna ya zawadi, mtu kaitengeneza programu yake, kaitoa, tumia mpaka uzeeke. Na kuna ya chambo: unaionja siku thelathini, halafu inajifunga, inataka ulipe huko ughaibuni. Ya zawadi mara nyingi sura mbaya, haina mapambo. Ya chambo ndiyo inayong'aa. Tofauti hiyo nilikuwa naijua vizuri kabisa, sikudanganywa na mtu.

Na dawa ya chambo nilikuwa nayo. Siku thelathini zikiisha, unarudisha tarehe ya kompyuta nyuma, mashine inadhani ndiyo kwanza mwezi unaanza. Inafunguka! Nilikuwa nacheka peke yangu kila nikifanya hivyo, eti nimewaweza Wazungu.

Mama Foibe alikuwa mkunga mstaafu. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua zahanati, yeye alifungua kichumba chake cha uzazi kule Mkonze, vitanda vitatu na pazia za kijani. Mtoto wangu wa kwanza alimpokea yeye. Nikimwamkia shikamoo alikuwa anaitikia "Marahaba, baba kijacho," jina alilonipa siku ile nilipoanguka mlangoni kwa woga huku mke wangu akijifungua salama.

Kwetu huku siku za mimba hazisemwi hovyo. Muulize mwanamke anajifungua lini, atakujibu "Mungu akipenda," basi. Kuitaja siku ni kuita mabaya. Mama Foibe, Mgogo wa huku huku, hakushindana na desturi hiyo. Tarehe alikaa nazo yeye kwenye daftari. Wale wa hatari, kama waliowahi kupasuliwa, walitakiwa wapelekwe hospitali kubwa mapema, kabla uchungu haujaanza. Hao hakuwaambia siku. Aliwaambia neno moja tu: "Kaa tayari, nitakuja kukuchukua."

Na kweli alikwenda. Kila Jumatatu asubuhi anafungua daftari, anaangalia ni nani wa wiki hiyo, anamfuata mpaka mlangoni, anamwamkia kwa Kigogo: "Mbukwenyi! Haya mwanangu, beba kanga zako." Mwanamke anabeba, wanaondoka. Hakuna aliyekuwa anajipeleka. Walikuwa wanangoja kufuatwa.

Mwanawe aliyeko Dar akamletea kompyuta. Akaniita.

"Mwanangu, hiki kidude kitanisaidia nini na macho yangu haya?"

Nikamwambia, "Mama, daftari ni mambo ya ukoloni. Nakuwekea programu ya kukumbusha miadi. Unabonyeza kitufe kimoja, inakutolea karatasi: wa wiki hii ni fulani na fulani."

"Bei gani?"

"Bure, mama! Wewe ndiye uliyenipokelea mwanangu."

Boksini nilikuwa nazo mbili. Moja ya zawadi, sura yake kama gazeti lililolowa mvua, na kuizoea ni kazi ya siku tatu. Nyingine ya chambo, ina rangi, ina kalenda inayopendeza. Nikaweka ya chambo. Kwa nini? Nilitaka ashangae. Hiyo tu! Nikakata kipande cha plasta yake mwenyewe ya vidonda, nikabandika kwenye kitufe, nikaandika kwa kalamu: WIKI HII.

Akabonyeza. Printa ikalia, karatasi ikatoka na majina mawili. Mama Foibe akapiga kigelegele, wajawazito waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Daftari akalifunga kwa kamba, akaliweka juu ya kabati.

Siku thelathini zikaisha. Nikarudisha tarehe nyuma. Zikaisha tena, nikarudisha tena. Mashine ikawa iko nyuma ya dunia kwa miezi miwili. Kile kitufe cha plasta sasa kilikuwa kinaangalia wiki iliyopita zamani, na majina ya wiki hiyo yalikwishafutwa, maana kila mama aliyepelekwa tulikuwa tunamfuta. Basi kila Jumatatu nilikuwa nakwenda mwenyewe, kitufe sikigusi, naiandikia programu kwa mkono ni wiki ipi ya kweli ninayoitaka, orodha inatoka sawasawa.

"Unaiandikia nini hapo?" akaniuliza siku moja.

"Mambo ya kitaalamu, mama."

Angalieni jibu hilo! Maneno mawili tu yangetosha kumweleza: kitufe usikiguse. Lakini ningeeleza hivyo ningelazimika kukiri kuwa bure yangu ilikuwa ya wizi. Bwana Bure akiri? 

Kisha mjomba wangu akafariki Kibakwe. Nikaenda kuzika nikijua Jumamosi nimerudi. Matanga yakarefuka, kukawa na kikao cha ukoo juu ya shamba, nikabaki. Jumatatu asubuhi nimekaa nje na bakuli la uji, likanijia: leo orodha! Nilikumbuka, msije mkadhani nilisahau. Kulikuwa na lori la mahindi linaondoka kwenda mjini, dereva ananiita, "Bwana Bure, panda, nafasi ipo!"

Lakini mwalimu mkuu wa pale alikuwa amekuja na watu wawili kuniuliza habari za kompyuta. Walikuwa wamekaa mbele yangu, wananitazama kama nabii. Nikajisemea, Mama Foibe atanisubiri. Nikampungia dereva mkono aende zake.

Mama Foibe hakunisubiri. Angenisubiri vipi, na mimi ndiye niliyemfundisha kitufe? Alikibonyeza. Karatasi ikatoka tupu. Juu kichwa cha habari, chini weupe mtupu.

Aliniambia baadaye alifurahi. "Nikasema Mungu kanipumzisha wiki hii." Alhamisi akashusha pazia zile za kijani akazifua.

Kumbe Debora alikuwa anangoja. Debora, mke wa mchunga ng'ombe, kibarua wa mashamba ya zabibu Makutupora, mwanamke mcheshi sana. Mtoto wa kwanza alimpata kwa kupasuliwa. Wiki ile ilikuwa yake. Alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye furushi, limekaa nyuma ya mlango. Alhamisi asubuhi tumbo likaanza kumsumbua. Mama mkwe akamwambia, "Twende kwa Mama Foibe." Debora akakataa. Akasema, "Hajaja kunichukua. Angejua siku zimefika, angekuja."

Aliamini hivyo mpaka saa sita mchana. Pikapu ya jirani ilipomfikisha pale zahanati, Mama Foibe alikuwa bado anaanika pazia. Kovu la ndani lilikuwa limeachia. Akampandisha pikapu hiyohiyo mpaka hospitali ya mjini, njia nzima amemshika mkono.

Debora alipona. Mtoto, msichana, hakupona. Na kizazi kikatolewa, ili mama abaki hai.

Nilirudi Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nikakuta Mama Foibe amekaa kwenye benchi la wajawazito, peke yake, karatasi mkononi. Sikumwambia hata shikamoo.

"Mwanangu," akasema, "nilibonyeza wapi vibaya?"

Nikaichukua ile karatasi. Pembeni juu, kwa herufi ndogo sana, palikuwa na tarehe, ya miezi miwili nyuma. Mama wa watu na miwani yake ya kusomea Biblia, nani angeiona? Na nani huangalia tarehe kwenye karatasi aliyoitoa leo?

Nikajibu. Mungu wangu, jibu lile! Nikasema, "Labda ulibonyeza haraka, mama. Mashine hizi hazitaki haraka."

Akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo. Nina haraka mimi. Hata marehemu mume wangu alikuwa akiniambia."

Nikaikunja karatasi nikaitia mfukoni. Kisha nikaingia ndani nikairudisha tarehe ya kweli, nikaitoa programu ile, nikaweka ile ya zawadi yenye sura mbaya. Ilichukua muda mfupi tu, na haijawahi kukosea. Ilikuwa boksini mwangu siku zote, jamani!

Lakini Mama Foibe hakuigusa tena mashine. Akalishusha daftari kutoka kabatini, akalifungua, akaona jina la Debora halimo, maana Debora aliandikishwa baada ya daftari kufungwa. Mwezi haukuisha akang'oa kibao chake cha barabarani. Watu wakasema, "Kazeeka, angeacha mapema." Nilikuwa nasikia kibandani kwangu, nachapa barua zao, sifungui mdomo.

Kina mama wa Mkonze wakarudi kujipeleka wenyewe mjini, wengine kwa baiskeli, wengine wamechelewa. Hao nao siwajui idadi yao, na ni wangu.

Jina la Bwana Bure nilijaribu kulikataa, likakataa kunitoka. Mpaka leo watu huniambia, "Bwana Bure, niwekee kitu kizuri cha bure." Nikiona karatasi nyeupe inatoka kwenye printa, moyo unasimama mpaka nione herufi ya kwanza. Mke wangu anadhani ni presha.

Mwaka jana Mama Foibe alifariki. Nikaenda msibani Mkonze, nikakaa nyuma kabisa. Debora alikuwepo, mtu mzima sasa, mvi zimeanza. Ndiye aliyekuwa anaongoza wanawake jikoni. Akaja kuniletea chai mwenyewe.

"Wewe ulikuwa mtu wake," akaniambia. "Ulikuwa unamfanyia kazi zake za mashine."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alikuwa anakuja kwangu kila Jumatatu, unajua? Miaka yote hii. Anabisha hodi, tunakaa, wakati mwingine hatuongei. Siku ya kwanza alipiga magoti. Mkunga mzima, umri wa mama yangu, kanipigia magoti! Nikamwambia inuka, Mama Foibe, mimi nimekusamehe."

Akapangusa jicho kwa kanga. "Alilia sana siku ile. Kunywa chai, kaka, inapoa."

Nikainywa! Nilikaa pale nikainywa chai ya Debora mpaka mwisho, nikamrudishia kikombe, nikasema ahsante.

Basi ninyi mnaosoma, hasa vijana mnaowawekea watu programu kwenye simu na kompyuta zao. Bure si dhambi. Bure ya kweli ipo, na watu wema wanaoitoa wapo. Lakini kabla hujampa mtu, soma yale maneno madogo unayoyarukaga. Mwambie inaisha lini, na ikiisha itakuwaje. Kama umechezea kitu ndani yake, mweleze, hata kama utaaibika. Aibu ya siku moja ningeimeza mara mia. Na usimnyang'anye mtu daftari lake kwa sababu tu wewe unaliona la kizamani.

Kwako Debora. Utasomewa haya na mwanao, utajijua hata kwa jina la uongo. Msamaha wako uliutoa kwa mtu asiyekukosea. Alipiga magoti kwa ajili yangu, na mimi nikamwacha. Karatasi bado ninayo, tarehe yake inaonekana.

Nimeandika bila jina kwa sababu mimi ni mwoga, umeshaona. Lakini Jumatatu hii nakuja Mkonze, na karatasi mkononi. Ukisikia hodi asubuhi, ni mimi.