Somoe Alipokuja Kuchorwa Siku ya Halowini

Tuliokuwepo ni hawa: mimi, mjukuu wangu Mwanahawa aliyezaliwa na binti yangu Zena, mwanangu kitindamimba Seif, mjomba wake Mwanahawa, na Rehema, shoga yake Mwanahawa wa nyumba ya pili. Wote wazima, wapo hapa hapa Kibiti, kawaulizeni. Kuna mwingine, nitamtaja akifika. Sitii chumvi hata punje.

Mwanahawa anachora katuni na kuziweka kwenye tovuti yake mwenyewe. Mwisho wa mwezi wa kumi kuna hiyo Halowini, watu hujivika kama mizimu, naye huweka ukurasa wa kutisha. Mwaka jana alikuwa amekata tamaa. Wasomaji wamepungua, na Seif hampi nafasi ya kupumua.

"Hayo madudu yako nani anayatazama, mpwa wangu? Labda mijusi!"

"Safari hii wasiposoma, Mjomba, naifunga," akasema. Nikaona machozi yanamlengalenga.

Basi tukajivika ili atuchore. Rehema kajipaka majivu, Seif kavaa gunia, mimi nimejifunika shuka. Sharti la mchezo: haulizwi mtu jina. Hapo ndipo tulipokosea. Tangu lini mtu akaingia uani asiulizwe ni nani?

Adhana ya magharibi ilipokwisha, akaingia mwanamke kajitanda kaniki nyeusi hadi usoni, pindo linachuruzika maji. Tukajua ni mama yake Rehema, aliahidi kuja. Seif akacheka, "Huyu ndiye mzimu, nyie wengine mna njaa tu!" Mgeni akakaa mkekani. Mwanahawa akachora, kalamu inakimbia nisivyowahi kuiona. Nikasikia harufu ya tope la mikoko. Kibiti mjini na mikoko, wapi na wapi?

Mara hodi mlangoni. Mama yake Rehema huyo, kashika sahani ya vitumbua. "Jamani, nimechelewa."

Niaminini, sote tukageuka kumtazama aliye mkekani. Seif, yule yule wa mijusi, kajificha nyuma yangu na gunia lake.

Yule mwanamke akafunua uso. "Andika na jina," akamwambia Mwanahawa. "Bibi yako analo."

Nikamtazama. Uso wa msichana, kovu juu ya nyusi. Mimi jina la mtu halinipotei.

"Somoe binti Athumani," nikasema. "Wa Mbwera."

Tulichezwa unyago pamoja. Mtumbwi wake ulipinduka huko delta kwenye mikoko mwaka wa mafuriko, maiti haikuonekana, na mama yake akakataa asomewe hitma, akisema mwanangu atarudi. Kila dua ya ukoo ikapita bila jina lake.

"Nilidhani umenisahau, mwenzangu," akasema, akacheka kicheko chake kile kile cha ujana. Kupepesa macho, hayupo. Mkeka umelowa chepechepe.

Mwanahawa alikimbia? Thubutu! Akamalizia kuchora, akaandika jina, akaupandisha ukurasa mtandaoni. Asubuhi simu haikunyamaza. Watu wa Utete, wa Dar, wa nchi nisizoweza kuzitamka. Na msichana mmoja wa Mohoro akaandika: huyu ni shangazi yake baba yangu, hilo kovu tunasimuliwa tangu utoto, mmelijuaje?

Wakaja ndugu zake, gari zima. Tukamsomea Somoe hitma, jina likatajwa kwa sauti hadi barabarani wakalisikia. Nililia kwa furaha. Pilau alipika Seif, na siku hizi yeye ndiye anayewasimamisha watu stendi: "Mmeisoma katuni ya mpwa wangu?" Tovuti haikufungwa, na mwaka huu wanaisubiri Halowini kuliko wenyewe wenye sikukuu.

Mkeka ule ninao. Pale alipokaa pana doa bichi, jua halilikaushi.

Nanyi mnaosherehekea, jivikeni mpendavyo, lakini anayeingia mwulizeni jina. Na mtajeni kila marehemu wenu, hata yule ambaye hamkumzika, asije akafuata jina lake mwenyewe. Kama kuna mtu nimemtaja sivyo, au ukoo wa Somoe nimeuchanganya, nisahihisheni jamani. Mwanahawa, anayeniandikia haya, atapaandika upya.