Mashine Iliyouliza Tarehe

Ukitaka kumjua Cyrille Ngoy, mpe kikombe cha chai. Atakinusa kwanza, kisha atakuomba wewe unywe kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesimamishwa kwenye vizuizi vya askari njia yote kutoka Kabalo, na huko alijifunza kwamba mtu akikuuliza jambo, anatafuta pa kukushikia.

Mwaka 1993 kampuni yetu ndogo ya maboti ya mizigo, hapa bandarini Kalemie, ilipata kompyuta. Mimi nilikuwa mtunza ghala. Patron wetu, mwenye kampuni, Papa Édouard, alimkabidhi Cyrille mashine hiyo kwa sababu aliwahi kusomea redio. Alitakiwa aandike programu ya kujumlisha uzito wa kila boti kabla haijaondoka. Mpaka siku hiyo jumla hiyo ilikuwa kazi ya Viviane Mujinga, aliyekaa meza ya pili katika chumba kilekile, na penseli yake. Cyrille alishuku kwamba Viviane atamharibia. Viviane alishuku kwamba anatafutiwa njia ya kufukuzwa. Ukiniuliza mimi, mwenye sababu alikuwa Viviane.

Frère Emile, mtawa wa Kigoma ng'ambo ya ziwa, alituma disketi kwa boti. Ndani yake mlikuwa na kompaila, ile inayogeuza maandishi ya mtu kuwa programu, pamoja na vifaa vyake vya mtindo wa Unix, mfumo wa kompyuta kubwa, vilivyopunguzwa ili viingie kwenye mashine ndogo. Cyrille aliilisha mashine disketi moja baada ya nyingine, akafuta michezo yote ya patron ili nafasi itoshe. Disketi moja ilikataa kusomeka, akasema watu wa forodha wameichokonoa. Aliipuliza vumbi, ikasomeka. Hakuwaomba radhi watu wa forodha.

Hatimaye aliandika neno moja, make, mistari ikaanza kushuka yenyewe kwenye kioo. Tulipiga makofi, hata Viviane. Hiyo make ni kifaa kivivu kwa makusudi. Hulinganisha tarehe: maandishi yakiwa mapya kuliko programu iliyopo, hujenga upya, yakiwa ya zamani, haigusi kitu, inakujibu tu kwamba yote yako sawa.

Programu ilikuwa na kasoro moja, ilisahau uzito wa abiria. Cyrille akasahihisha, akaita make. Abiria wakasahauliwa vilevile. Kesho yake akasahihisha tena, mambo yakawa yaleyale.

“Kuna muntu anaingiaka humu,” aliniambia. “Anarudisha programu ya zamani.”

Chumba kilikuwa na funguo mbili, wake na wa Viviane.

Akanunua unga wa muhogo, akaunyunyiza sakafuni jioni alipofunga. Asubuhi unga ulikuwa safi, hauna unyayo. Mtu mwingine angetulia. Cyrille alichuchumaa, akauchota kwa kidole, akasema unga huu ni mweupe kuliko wake: Viviane amefagia, amenyunyiza mwingine. Akaenda kwa patron, na mbele yetu sote Viviane akanyang'anywa ufunguo na kazi.

“Papa Édouard, sijagusa mashini,” alisema. “Hata namna ya kuiwasha sijue.”

Patron alitazama dirishani. Na mimi, kwa woga, nilirudi ghalani.

Sasa ufunguo ulikuwa mmoja, mfukoni mwa Cyrille. Na programu bado ilisahau abiria.

Ndipo alipoziangalia tarehe za mafaili. Sahihisho lake la jana lilikuwa na tarehe ya Januari 1980. Programu ilikuwa ya 1993. Betri ndogo ya saa ndani ya mashine ilikuwa imekufa siku chache baada ya makofi yetu, na tangu hapo, kila asubuhi ikiwashwa, mashine ilimwonyesha tarehe ya mwaka 1980 na kumwomba ile ya kweli. Cyrille hakujibu hata mara moja. Afisa wa bandarini huanza hivyohivyo: anakutajia uongo ili wewe umsahihishe, kisha anakukamata kwa maneno yako. Kwa hiyo aliipita kimya. Na make, ilipoona maandishi ya 1980, haikujenga kitu.

Alienda kwa Viviane na ule ufunguo wake mmoja mkononi, nami nikamsindikiza. Viviane aliweka mikono nyuma.

“Weka chini, Papa Cyrille. Nikiishika utasema nimeiiba.”

“Mama, kosa njo langu. Mashini ilikuwa inaniuliza tarehe, nikakatala kuijibu.”

“Usiniambie miye. Ukaseme kule uliniaibisha.”

Alisema. Asubuhi, uani, mbele ya wapagazi na makarani, alieleza yote, betri na 1980 na unga, akaomba msamaha huku machozi yanamtoka. Sijawahi kumheshimu kama siku ile. Watu walimsikiliza mpaka mwisho, nikadhani wameelewa.

“Mumesikia?” patron alisema alipomaliza. “Huyu Cyrille hajawahi kuomba musamaha hata kwa mama yake. Bibi anayeweza kumufanya hivi kwa siku chache, njo wa kuogopa. Simurudishe.”

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mpaka leo nadhani patron alifurahi tu kupunguza mshahara mmoja, lakini hao wengine waliamini kweli kwamba Viviane amemroga Cyrille. Viviane alipanda treni ya Kabalo wiki ileile. Cyrille akabaki na mashine yake, na kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote, aliijibu.