Kadi Aliyoihamisha Kiema

Kiema Wathome hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana habari zake zinaniudhi. Angekuwa mwizi, ningemmaliza kwa maneno mawili nikaenda zangu. Lakini huyu alikuwa mtu wa watu, mzaliwa wa Masii, aliyeifungua redio ya babake kabla hajamaliza darasa la saba, akachapwa kwa kuifungua, kisha akasifiwa kwa kuifunga ikiimba. Kufikia mwaka wa 2008 alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja cha ufundi nje kidogo ya mji wa Machakos, peke yake kwa kompyuta sitini na nne. Ukimwita, anakuja. Ukitaka kumshukuru, tayari amefika mlango wa pili. Kasoro yake ilikuwa moja: mikono ilipenda kazi, kalamu ilimchosha. Alitengeneza kitu kikatengenea, lakini kuandika alichokifanya aliahirisha mpaka kesho.

Novemba hiyo, mvua ikiwa imepamba moto, radi ilipiga waya wa simu wa chuo. Asubuhi kompyuta tisa hazikuingia mtandaoni, kadi zake za mtandao zimeungua. Bwana Muli, naibu wa mkuu wa chuo, alitaka yake, mojawapo ya hizo tisa, iwe tayari kabla ya saa nne, na Muli hakuwa mtu wa kuambiwa subiri. Kiema akaangalia nani hayupo. Hakuwepo Mama Kalunde, karani wa ofisi kuu, aliyekuwa amekwenda Kithyoko kumzika kakake. Basi akaifungua kompyuta ya Kalunde, akachomoa kadi yake nzima, akaipachika kwa Muli. Wiki iliyofuata akamletea Kalunde kadi ya mtumba kutoka Nairobi, isiyo na risiti. Kila mtu akafurahi. Kwenye orodha ya mashine za chuo, kwa Muli na kwa Kalunde hakugusa kitu, ila aliongeza namba ya ile kadi ya mtumba chini kabisa, akaiita akiba.

Hapa nikueleze jambo, wala si gumu. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na namba yake, kama kitambulisho chako, haifanani na ya mwingine. Namba hiyo inakaa kwenye kadi, si kwenye kompyuta. Ukihamisha kadi, umehamisha namba.

Januari chuo kikaletewa mfumo wa kulinda mtandao. Wafanyakazi waliuita Soja, maana ulikaa langoni kama mlinzi. Kila alfajiri saa kumi na mbili Soja alivuta namba zote kutoka kwenye orodha ya Kiema, na kompyuta ambayo namba yake haimo haikuingia siku hiyo. Iliyoingia, Soja aliandika namba yake, saa, na kilichofunguliwa. Kiema aliambiwa afungue kila kompyuta, alinganishe kadi na orodha, kisha atie sahihi kwamba vyote ni sawa. Sitini na nne! Alifungua kumi na mbili, akaona hazina tatizo, akazitilia sahihi zote sitini na nne. Jamani, nani kati yetu hajawahi?

Julai mtihani wa mwisho ukavuja. Maswali yalikutwa mikononi mwa wanafunzi siku nne kabla ya kuufanya. Neno la siri la ofisi ya mitihani lilijulikana na nusu ya chuo, kwa hiyo lililobaki ni kujua limetumika kwenye kompyuta gani. Jumatatu mkuu wa chuo alimwita Kiema ofisini, Muli akiwa amesimama dirishani, akamwambia amuulize Soja. Soja alitoa namba moja, ya Alhamisi iliyopita, saa saba na dakika ishirini mchana. Kiema akaitafuta orodhani, akasoma kwa sauti jina lililoandikwa mbele yake. Kalunde.

Kabla hajafunga mdomo alikuwa ameshaikumbuka radi. Akamtazama Muli. Muli akatazama nje. Sema basi, Kiema! Sentensi moja tu ilitosha. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na mkia, kwamba sahihi yake ya Januari ilikuwa ya uongo, na yeye nyumbani ana watoto wawili na mke mwenye mimba. Akaifunga orodha, akatoka.

Kalunde alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, amebakisha miwili astaafu. Kanisani kwao ndiye aliyewafundisha watoto amri kumi. Saa ile ya Alhamisi alikuwa mezani pake akila isyo yake, mahindi na maharagwe aliyobeba kutoka nyumbani, peke yake kama siku zote, kwa hiyo hakuna aliyemwona. Jumanne alinyang'anywa funguo mbele ya wanafunzi, akaambiwa kamati itaketi Alhamisi, na ikimwona ana hatia atafukuzwa bila pensheni. Alipopita kwenye chumba cha Kiema alisimama, akamwomba, kwa kuwa yeye ndiye anayejua mambo hayo, amwangalilie ni wapi pamekosewa. Kiema aliitikia kwamba ataangalia, akimwita mwaitu, kama Mkamba amwitavyo mamake. Nikilikumbuka hilo neno kinywani mwake, hasira hunipanda.

Basi akadhani ameona njia. Kwa nini aseme yeye, na mashine inaweza kumsemea? Jumatano alifika kazini kabla ya saa kumi na mbili, akaifungua orodha, akaiandika ile namba kwa Muli na ile ya akiba kwa Kalunde. Saa ilipofika Soja akavuta orodha mpya kama kawaida. Kesho kamati itaomba karatasi upya, alijiambia, jina la Muli litatoka lenyewe, na hakuna atakayeuliza habari za Novemba. Mchana wa siku hiyo alikula akashiba.

Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Kamati ilimwita mtaalamu aliyeuleta mfumo wa Soja, Linet, msichana wa sauti ya chini, na Linet hakuomba orodha peke yake. Aliomba pia kujua nani ameigusa. Kumbe Soja aliandika na hayo! Karatasi ikawekwa mezani: Jumatano, saa kumi na moja na dakika hamsini alfajiri, Kiema Wathome ametoa jina la Kalunde, ameweka la Muli.

Hapo ndipo alipoyamwaga yote, radi, mazishi ya Kithyoko, kadi ya mtumba, sahihi. Walimsikiliza. Walikwenda hata kuifungua kompyuta ya Muli, na kadi ilikuwemo, namba ileile.

"Uliiweka lini?" Linet akauliza.

"Novemba."

"Nani alikuona?"

Kiema akamgeukia Muli. Muli alisema kwa upole kwamba yeye kompyuta hazijui, na kwamba huyu fundi huingia na kutoka ofisini mwake apendavyo, hata wiki hii ameingia. Hakusema uongo hata neno moja, mbwa yule. Kamati ikaona ambavyo ungeona hata wewe: karani ameiba, fundi amehamisha kadi wiki hii ili amfutie nyayo. Walifukuzwa wote wawili siku hiyo.

Jumamosi Kiema alimfuata Kalunde nyumbani kwake, upande wa Tala. Alimkuta uani akimenya mbaazi. Mama wa watu alimsogezea kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, hata Kiema alipoanza kulia.

"Jumatatu, uliposoma jina langu," Kalunde akauliza, "ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Ungesema siku hiyo wangekuamini."

Kiema akasema atarudi chuoni, ataapa mbele ya yeyote, hata kortini. Kalunde akaziweka mbaazi kando.

"Uliingia kwa kompyuta yangu nikiwa matangani, na hukuniambia. Ukabadilisha jina langu, na hukuniambia. Hata huo mtihani ungeweza kuuchukua wewe, ukatafuta wa kubebeshwa, kwanza mimi, halafu Muli. Kiema, hata mimi sijui kama nikuamini."

Akarudi kwa mbaazi zake. Kiema alibaki kitini akitafuta karatasi yoyote ya Novemba ya kumwonyesha, na haikuwepo.