Namba ya Simu ya Mama Tanuri

Jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika ndani ya wiki moja. Siku ya tatu tangu ahamie mjini pale, wanawake wawili waliopita kuchungulia duka jipya walikuta miguu tu ikitokeza kwenye mdomo wa tanuri la zamani. Mwili wote ulikuwa ndani, mwenyewe akikwangua masizi ya miaka sita. Mmoja akapiga ukelele akidhani mtu kafa. Miguu ikajibu, "Karibuni, ila mkate bado." Tangu hapo akawa Mama Tanuri, na hata bili ya maji ilikuja kwa jina hilo.

Mji wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa unakata roho. Mtaa mkuu ulikuwa na milango kumi na minane ya maduka, na iliyofunguliwa asubuhi ilikuwa mitano. Benki ilishafunga, kinyozi alishamfuata mwanawe jijini, na mwokaji wa zamani alikufa bila kumwachia mtu kazi. Watu wakawa wanakula mikate iliyoletwa na lori kutoka mbali, imebanwa mpaka inafanana na mche wa sabuni. Hapo ndipo ilipoundwa kamati ya kuvuta watu na biashara. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mjane mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na ambaye hakuna mtu mzima pale mjini aliyewahi kumkatalia jambo, kwa kuwa karibu wote alishawachapa.

Kamati ilitangaza kwamba atakayekuja na ufundi wake na familia yake atapewa jengo bila kodi kwa miaka mitatu. Wakati huo Mama Tanuri alikuwa jijini, mwaka wa tisa anapanga mikate ya watu kwenye trei katika kiwanda cha watu. Mumewe alikuwa fundi majokofu. Aliposomewa tangazo alisema mji usio na majokofu una haja gani na fundi wake. Mkewe alimbembeleza mwezi mzima, akamlainisha kwa hoja, kwa machozi, na siku mbili kwa kununa. Mwishowe mwanamume akakubali, kwa sharti kwamba asije akaulizwa kama amepapenda.

Mwanamke alipapenda bila kuulizwa. Alipenda kufungua mlango mwenyewe. Alipenda kuwa saa kumi na moja na nusu asubuhi foleni imeshapinda kona, na kila mmoja anajua mwenzake anachukua nini: mzee wa posta mkate ulioiva sana, muuguzi skonzi nne, mke wa fundi baiskeli mkate wa jana kwa sababu ya tumbo lake. Watoto wake wawili waliacha kukohoa. Na Mwalimu Mkuu alimchukua kama binti yake. Alikuwa akipita kila jioni baada ya shule, anavua viatu, anakaa kwenye kiroba cha unga, wanazungumza mpaka tanuri linapoa.

Kamati ilipochapa vikaratasi vya kuwaalika watu wengine, Mwalimu Mkuu aliongeza mstari wa mwisho kwa mkono wake: "Usituamini sisi. Mpigie aliyehamia." Chini yake ikafuata namba ya Mama Tanuri. Simu ikaanza kuita, na haikunyamaza kwa miaka miwili. Mwenyewe aliiweka kwenye rafu, akawa anaibonyeza kwa kiwiko kwa kuwa mikono ina unga, na anajibu huku anakanda. Hakuwa mtu wa kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwaambia maji hukatika Jumatano, barabara huharibika mvua ikizidi, na ukipiga chafya kwako, jirani wa mtaa wa pili atakuuliza hali. Halafu akawaambia mazuri, na watu waliamini mazuri kwa sababu ya mabaya. Mkunga alihamia kwa mdomo wake. Fundi viatu alihamia, mfuga kuku akahamia na wakwe zake wote. Milango iliyofunguliwa asubuhi ikafika tisa.

Hata hivyo shule ilikuwa bado mashakani. Idara ya elimu ilishaandika kwamba shule yenye watoto chini ya sitini itafungwa mwaka mpya ukianza, na watoto watembee hadi shule nyingine, kilomita kumi na nne. Ubao mdogo ulitundikwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na hesabu ya watoto iliandikwa kwa chaki. Mwaka ule ilisimama kwenye arobaini na tisa, ikagoma kabisa kupanda.

Ile miaka mitatu ya jengo ilikwisha. Mama Tanuri aliuliza habari ya karatasi mpya ya mkataba, na Mwalimu Mkuu alicheka hadi miwani ya kichwani ikaanguka. Akamwambia aendelee na kazi yake, nani atamgusa, karatasi wanaandikiana watu wasiojuana. Mwanamke naye aliona aibu kwa kuuliza, akamfungia mkate wa bure.

Katika siku hizo hizo alimtolea Mwalimu lililokuwa moyoni. Mumewe alikuwa amechoka. Kazi ilikuwa haba, akawa anakwenda jijini wiki mbili kutengeneza majokofu ya mahoteli, anarudi amenuna, na sasa alikuwa akisema mwaka ukiisha warudi wote. "Mimi siondoki, Mwalimu," alisema. "Nimeshapata kwangu. Yeye nitamlainisha tena kama nilivyomlainisha kwanza." Mwalimu Mkuu alimshika mkono wenye unga, akamwambia hilo neno limeishia hapo hapo.

Baada ya wiki chache alipiga simu mtu mwenye sauti ya kukwaruza. Aliuliza kama mtaa mkuu una umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, na kama umeme hukatika alfajiri. Mama Tanuri alijua mara moja kwamba huyu ni fundi wa kuchomelea, na alifurahi, maana geti la shule lilikuwa limeshikiliwa na waya. Alimweleza yote. Mara ya pili mtu yule aliuliza habari za shule, kwa kuwa wangekuja ndugu watatu na familia zao. Mara ya tatu alimpa simu mkewe, mwanamke mwenye haya, akauliza kama watu wa huko huamka mapema.

Mama Tanuri alidhani dada wa watu anaogopa upweke. Akamtoa hofu. Alimweleza foleni yake yote, nani anakuja saa ngapi, nani anapenda nini, na kwamba Jumamosi huuza mara mbili kwa sababu ya watu wa mashambani. Aliongea kwa moyo mkunjufu hadi unga ukaumuka kupita kiasi. Mwanamke wa upande wa pili alishukuru, akaanza kuuliza jambo, akaliacha, akashukuru tena.

Walikuja Ijumaa mchana, kwa gari dogo la mizigo. Mama Tanuri alikuwa anafagia makombo. Mwanamume alipotoa salamu tu, ile sauti ikamtambulisha, na mwenye duka akatupa ufagio, akamkumbatia mkewe, akawavutia viti, akawakatia mkate wa moto. Aliwaambia geti la shule linawasubiri. Mwanamume alitabasamu kama mtu asiyeuelewa mzaha lakini hataki kuuliza. Kisha akainuka, akagonga ukuta wa tanuri kwa kifundo cha kidole, akatoa futi ya chuma mfukoni na kupima mlango.

Alimwambia mkewe kwamba mashine ya kukandia haitapita, itabidi wavunje fremu.

Mama Tanuri aliuliza mashine ya kukandia nini, kana kwamba mashine hizo hukanda vitu vingi. Mwanamume akatazama chini. Mkewe ndiye aliyesogea karibu, akamshika kiwiko.

"Samahani sana, dada. Tuliambiwa tusiliguse hili jambo, kwamba linakuuma. Lakini kwenye simu ulitutendea wema mno, na roho yangu imekataa nisiulize. Nyinyi mnahamia wapi?"

Mama Tanuri alikaa kwenye kiroba cha unga. Alisikia lililobaki kama mtu anayesikiliza redio ya jirani: kwamba Mwalimu Mkuu aliwaambia mume amepachoka, familia inaondoka mwisho wa mwezi, jengo litakuwa wazi, na mwokaji anayeondoka ana moyo safi, atawaachia wateja wake bila kinyongo. Ndiyo maana walipiga simu. Ndiyo maana waliuza nyumba. Aliwaangalia, na hakupata pa kuwachukia. Yule mwanamke alikuwa na alama za kuungua mkononi, sawa na alama zake mwenyewe. Aliuliza tu kwa wale ndugu watatu kuna watoto wangapi. Akaambiwa kumi na mmoja. Akawaambia wamalize mkate, akatoka na aproni yake.

Njiani alisalimiwa na watu watano na hakumwitikia hata mmoja. Alikuwa na hasira, ndiyo, lakini hasira ilikuja nyuma. Iliyotangulia ilikuwa fedheha. Alikumbuka kila neno alilomwambia mwanamke yule kwenye simu, namna alivyomwuzia foleni yake mtu kwa mtu, akicheka.

Mwalimu Mkuu alikuwa ofisini peke yake, anasahihisha madaftari. Alipoiona aproni alijua, akavua miwani zote mbili. Hakukana, hilo lazima lisemwe. Alieleza taratibu, kama anavyoeleza hesabu za kugawanya. Yule bwana alikataa katakata kuja mahali penye mwokaji mwingine. Asipokuja yeye, ndugu zake hawaji. Wasipokuja, shule inafungwa, na shule ikifungwa wenye watoto watahama wote, na mji umekwisha. Alikuwa amezunguka na jambo hilo kichwani siku nyingi, usingizi ukamkataa. Halafu akasema mume ndiye aliyetaka kuondoka, hilo hakulitunga.

"Nilikuambia wewe," Mama Tanuri alisema. "Sikuiambia kamati."

"Najua, mwanangu."

"Na nilikuambia mimi siondoki."

Mwalimu Mkuu alifuta jicho kwa kona ya kitenge, na huenda machozi yalikuwa ya kweli. Akasema hakuna aliyemfukuza mtu. Angemwombea kazi kwa yule bwana, kwani kiwanda chake cha mikate kitahitaji mtu anayewajua wateja. Atakuwa mkubwa wa wafanyakazi, na mshahara wa kila mwezi, bila mahangaiko ya kununua unga. Watabaki pale pale, hakuna kitakachobadilika. Wageni aliwaambia lile la kuhama kwa sababu mtu huwezi kumweleza yote kwa siku moja.

Hapo ndipo hasira ilipofika. Miaka tisa ya kupanga trei za watu, mitatu ya kuwa na mlango wake, na sasa anarudishwa kwenye trei ndani ya jengo alilolikwangua masizi kwa kucha, na anayemrudisha anamwita mwanangu. Alitaka kusema mengi. Alitaka kuyasema kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeisikia. Badala yake macho yake yalitua kwenye ubao mdogo ukutani, ambako chaki ilikuwa mpya na namba imeandikwa kubwa, imepigiwa mstari mara mbili: 60.

Hakuwa mtu wa hesabu, lakini kutoa na kujumlisha alijua, kila siku alikuwa anagawa mikate. Arobaini na tisa na kumi na mmoja ni sitini kamili. Ndani ya arobaini na tisa walikuwamo wawili wake. Kwa wageni familia yake ilishahama, na kwa idara ya elimu watoto wake walikuwa wamekaa kwenye madawati.

Alivuta kiti akaketi, akafuta unga mikononi kwa aproni, kidole kwa kidole.

"Mwalimu, naomba barua mbili za uhamisho. Ya binti na ya kaka yake."

Mwalimu Mkuu alitazama ubao, akamtazama yeye. Alianza kusema kwamba watoto wenyewe wanapenda shule yao, kwamba kuna watoto wengine hamsini na wanane hapa ambao hawajamkosea mtu, na mkunga, na fundi viatu, wote wale aliowaita yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno lilimchoma Mama Tanuri. Hakuinuka. Yule mwenye kalamu akaona hatainuka. Akavuta kitabu cha barua, akavaa miwani moja, akaandika majina ya watoto bila kuuliza, kwa kuwa aliwafundisha kuyaandika. Alipofika nafasi ya jina la shule waendayo, mkono ukasimama.

"Niandike wanahamia wapi?"

"Mimi sijui, Mwalimu," alisema Mama Tanuri. "Wewe ndiye uliyewaambia watu kwamba tunahama. Andika pale ulipotupeleka."