Mbao za Mzee Shee na Ngozi ya Nyangumi

Haijanitoka kichwani, mwanangu, ile siku niliyoapa mbele ya msikiti mzima hapa Kismayo kwamba Wataliani wamemchuna nyangumi wakamtandika sakafuni jikoni. Nyangumi wa bahari ya barafu, nikasema, ambaye ngozi yake haishiki moto: ukiimwagia makaa, makaa yenyewe yanaona baridi yanazimika. Habari hiyo ilitoka bandarini, na bandarini nilikuwa karani, tena nina cheti cha shule ya usiku chenye muhuri mkubwa kama sinia la pilau. Nani angenibishia? Bi Thuweba tu, jirani yetu: "Nyangumi wapi! Ni nguruwe wao yule." Tukabishana mwezi mzima ni ngozi ya nani. Kwamba ni ngozi, hakuna aliyetia shaka.

Nakwambia haya kwa sababu juzi uliniuliza katika jiko lenu jipya utie mbao au lile kapeti la plastiki lenye maua, na uliuliza ukicheka, kana kwamba ni jambo dogo. Mimi jambo hilo lilinitoa nyumbani. Kaa nikueleze.

Kwetu, wajua, baba humjengea binti nyumba, na mume huhamia kwa mkewe na sanduku lake la nguo. Mke wangu wa ujanani alikuwa Esha, binti wa Mzee Shee, fundi wa vyombo vya bahari wa kisiwa cha Ngumi. Nyumba aliyojengewa ilikuwa ya mawe, karibu na ufuo, na sakafu ya jikoni ilitoka jasho la chumvi msimu baada ya msimu. Esha alikaa hapo chini kutwa. Chini akikuna nazi, chini akipaa samaki, chini akipuliza makaa ya seredani, mpaka leso yake inalowa. Kiuno kikaanza kumuuma. Akiinuka anashika ukuta kama bibi kizee, naye hata mtoto wa kwanza hajazaa.

Babake akasikia. Chombo alichokiunda marehemu baba yake kilikuwa kimezeeka, kimevunjwa, basi akachagua mbao za msaji zilizobaki nzima. Zilikuwa zimekunywa mafuta ya papa miaka na miaka, hata maji yakiziona yanageuza njia. Akazileta mwenyewe, akazipanga uani.

"Nikirudi na zana nitamtandikia," akasema. "Nitaziinua kidogo, upepo upite chini."

"Lakini baba," nikasema, "jikoni mwangu mtanuka papa."

"Mwako?" Akanitazama kama anavyoutazama ubao uliopinda. "Haya."

Siku zile Mtaliani mmoja wa bandarini alikuwa anarudi kwao. Nilimsaidia kufunga makasha, akanipa zulia la jikoni kwake, ile ngozi yenyewe. La kijani, linang'aa, ungeweza kunyolea ndevu ukijitazama humo! Nikalibeba begani mji mzima, nikapita hata njia zisizo zangu. Bi Thuweba alikuwa mlangoni: "Haya, Mtaliani wetu huyo, kaja na nguruwe wake!"

Esha akaligusa kwa kidole. "Ni zuri, bwana. Na mbao je?"

"Mbao nani anaziweka siku hizi? Kwa Wataliani—"

"Kwa Wataliani umemwona mwanamke amekaa chini?"

Yule Mtaliani mwenye zulia nilimwona mara mia akipika, amesimama, meko yamemfika kiunoni, viatu miguuni. Sakafu kwake ilikuwa ya kukanyaga tu. Nilikuwa na macho, mwanangu, na cheti juu yake, nisione.

"Basi tandika," akasema Esha. "Ila mbao za babu usiziguse."

Haukupita muda, kukawa na harusi mtaani, na mvua ikalowesha kuni zote. Wapishi wanahangaika, wageni wana njaa. Nikasimama katikati ya watu nikanadi: "Zipo mbao kwangu uani!" Wakanisifu, wakaniombea dua, wakazibeba. Na mbao zilizokunywa mafuta ya papa zinawaka, usiseme. Moto ule nadhani ulionekana mpaka Darakasi. Esha alikuwa pale na wanawake wenzake, anakata vitunguu, akauona ubao wenye nyota aliyoichonga babu yake ukiingia chini ya sufuria. Machozi yakamtoka. Watu wakadhani ni vitunguu. Mimi pia nilidhani ni vitunguu, kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Mzee Shee akaja na mfuko wake wa zana. "Mbao ziko wapi?"

Badala ya kumjibu nikamvuta jikoni. "Mbao za nini, baba? Tazama ngozi hii." Nikainua seredani, nikamwaga makaa chini.

"Bwana!" Esha akapiga ukelele.

"Ngoja, ngoja uone."

Tukaona. Nyangumi wangu akatokota, akapasuka, akatoa moshi mweusi wa kuua mbu wa mto Juba wote. Esha akamwaga mtungi wa maji. Mzee Shee akashika pembe ya zulia, akaligeuza. Mgongoni lilikuwa gunia, gunia hili hili la mchele. Na chini yake palikuwa pameoza. Jasho la sakafu lilikosa pa kutokea, likawa tope jeusi, linanuka kushinda papa wote wa Ngumi. Juu ya tope hilo ndipo mke wangu alipokuwa akikaa.

"Mbao ziko wapi, mwanangu?" akaniuliza tena, polepole.

Esha ndiye aliyejibu. "Ziliivisha pilau ya harusi, baba."

Mzee akarudisha mfukoni tezo yake ya kuchongea mbao. Hakunikemea. Hadi leo natamani angenikemea. "Nilitaka mchu akae pakavu tu," akasema kwa Kibajuni chake, mchu maana yake mtu, akatoka bila kunywa hata maji.

Asubuhi Esha hakugombana. Alisema, "Nyumba ni yangu, bwana, na zulia ni lako. Chukua chako." Nikatoka na sanduku mkono huu na zulia lenye tundu begani. Bi Thuweba alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Talaka nikampa. Baadaye akaolewa na mtu wa kisiwa cha Fuma, na nasikia huyo alimtandikia mbao kabla ya kutandika kitanda.

Kwa hiyo usiniulize mimi, mwanangu. Muulize atakayekaa hapo. Kama atapika kwa makaa, plastiki usiilete karibu. Kama sakafu yenu inatoka jasho, ukiifunika umeficha uozo tu. Tia mbao, uziinue, uzipake mafuta, uvumilie harufu. Kama atapika amesimama, kwa gesi, na chini pakavu, na maua yale anayapenda yeye, basi mnunulie maua. Lakini kauli iwe yake. Na kitu alichopewa na babake usikifanye ukarimu wako. Mungu amwekee mkeo kiuno chake na kicheko chake, awape chungu kisichokosa cha kupikwa, na wakwe wakiingia kwenu wakae, wanywe maji.

Ama nyangumi, hata baada ya kuliona gunia sikumwacha. Nilisema wameibandika ngozi juu yake. Mpaka siku moja nikamkuta bandarini mwalimu wangu wa shule ya usiku, Mtaliani, nikamuuliza ni nyangumi wa aina gani.

"Nyangumi?" Hakucheka hata. "Ni mafuta ya mbegu, yamekorogwa na vumbi la mbao, yakapakwa juu ya gunia."

"Vumbi la mbao?"

"La mbao. Lile linalobaki chini ya msumeno."