Samaki Asiye na Kichwa

Mimi ni mpishi mzuri. Nasema hivyo bila haya, maana nikingoja wengine waseme watasema siku ya maziko yangu, na mimi nataka kuyasikia ningali hai. Sipiki vyakula vya madoido. Napika muhogo wa nazi, ndizi mbichi, mchicha, wali, mchuzi wa samaki. Lakini jina langu hapa Micheweni halikujengwa na ladha peke yake. Lilijengwa na jambo moja: hakuna mtu aliyewahi kula kwangu akalala anaumwa tumbo. Nilikuwa napenda kulisema hilo, tena kwa sauti, mpaka Ramadhani ya mwaka juzi.

Usafi wa chakula nilifundishwa na mama yangu kabla sijajua kusoma. Kila nazi huvunjwa na kunuswa peke yake, wala haichanganywi na mwenzake kabla ya kunuswa, kwa sababu nazi moja mbovu huharibu tui zima. Chakula cha nazi hakilali. Kikibaki usiku, asubuhi ni cha kuku. Kisu kilichopasua samaki hakigusi kachumbari mpaka kioshwe kwa maji ya moto. Na juu ya yote, usinunue samaki asiye na kichwa. Macho yatakwambia ametoka majini lini, matamvua yatakwambia kama muuzaji anasema kweli. Ukimnunua bila kichwa umenunua maneno ya mtu.

Kanuni hiyo niliihubiri mtaa mzima. Bwana afya alipokuja skuli kuzungumza na wazazi juu ya kuosha mikono na kufunika vyakula, nilinyanyua mkono nikamuuliza mbona hakutaja kichwa cha samaki. Watu walicheka, naye akacheka, akaandika. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Sasa, Ramadhani kwetu mpishi anapika amefunga. Mashehe wa dini wanaruhusu kuonja kwa ncha ya ulimi ukatema, lakini wengi wetu hatufanyi, tunaogopa koo lisije likasahau. Kwa hiyo nyumba nyingi zina njia yao. Mara zote hupatikana mwanamke mmoja mwenye udhuru wa mwezi, na huyo hupewa kijiko kimyakimya, aonje aseme chumvi ipo au haipo. Hakuna anayemuuliza kitu. Binti zangu walipokuwa hawajaolewa jambo hilo lilikuwa jepesi, na walipokwisha kuondoka nikajifanya silihitaji. Nikawa nasema nasikia chumvi kwa pua.

Mwaka huo nyumbani tulikuwa wanawake wawili, mimi na mke wa mwanangu, aliyetoka Kojani, ana miezi minne tu tangu aolewe. Msichana mpole, mwenye mikono mizuri ya kazi. Alikuwa ananiogopa. Niliona, na sitosema uongo, nilifurahi kidogo.

Jambo lenyewe lilianza kwa kushindana. Siku moja kabla yake, jirani yetu bi mwalimu, mama mtu mzima anayesomesha wasichana Kurani barazani kwake, alituletea bakuli la nguru. Lilikuwa zuri. Mume wangu alilisifu mara mbili, na ya pili haikuwa na lazima. Bakuli la futari kwetu halirudi tupu, na mimi sikukusudia kulirudisha na muhogo. Nikatangaza kwamba kesho nitapika jodari, na majirani watano watapata.

Kesho yake samaki wakawa haba. Nilingoja mpaka saa nane na nusu, ndipo akapita muuzaji wa baiskeli kutoka Tumbe, kijana wa ukoo wetu kwa mbali, na gunia bichi juu ya karai. Ndani mlikuwa na vipande vya jodari, vikubwa, vyekundu.

"Huyu n'jodari wa leo, mama. Kaingia alfajiri."

"Kichwa ki wapi?"

"Kichwa kachukua mtu wa mwanzo, palepale dikoni, chombo kilipofika."

Nilisimama. Tangu alfajiri mpaka saa nane na nusu, juani, bila barafu, chini ya gunia. Hesabu hiyo hata mtoto angeifanya. Nikavinusa, vikanukia bahari. Nikavibonyeza, nyama ikarudi. Nikajiambia kwamba kanuni ile ni ya watu wasio na pua kama yangu, nikavichukua.

Nyumbani nikavikamulia ndimu sita. Kwetu ndimu inaaminiwa kuliko daktari. Tunadhani haliko baya lisiloondoka kwa ndimu na chumvi. Nikasaga kitunguu thomu na tangawizi, nikatia bizari kidogo, pilipili mbichi mbili nzima kwa harufu tu, nikakuna nazi tatu, nikamimina tui zito la kasimile mwishoni na kukoroga polepole lisikatike. Pilipili manga sikutia. Mchuzi ukatulia, mzito, wa manjano. Nikaenda kukoga, nikavaa, nikapakua mabakuli matano nikayafunika. Mkwe wangu alikuwa amesimama kando ya jiko, kimya. Nilidhani ni ile heshima yake ya siku zote.

Mabakuli niliyapeleka mwenyewe, mkono kwa mkono. Siku nyingine hutuma, lakini siku hiyo nilitaka nione nyuso za watu wakifunua.

Niliporudi ilikuwa imebaki kama nusu saa kabla ya magharibi. Nilimkuta mkwe wangu amekaa kwenye mlango wa jikoni, kanga ameishusha mpaka machoni.

"Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu, mama."

Nikaivuta kanga. Uso ulikuwa mwekundu kama aliyetoka kwenye tanuri, shingo imetoka mabaka, midomo imevimba. Nikamshika mkono, mishipa inakimbia.

"Umekula nini?"

Akalia kwanza. Kisha akasema, "Mchuzi, mama. Weye ulipokuwa unakoga. Kipande kimoja, na mkate. Miye n'na udhuru tangu jana."

"Ukausikiaje?"

"Ulimi uliniwasha, ka' mtu katia pilipili manga. Na miye n'liona hukutia."

"Na mimi napakua, na wewe umesimama pale. Mbona hukusema?"

"N'taanzaje, mama? N'kwambie chakula chako kibovu, halafu n'kwambie na miye n'nakula mchana?"

Nikamwita mwanangu, akampakia mkewe kwenye pikipiki kumpeleka kituo cha afya, nami nikabaki nimesimama na sufuria mbele yangu na mabakuli matano nyumba za watu. Katika nyumba hizo kuna mama mwenye mimba ya miezi saba. Kuna mzee wa presha. Na bi mwalimu ana sukari, na samaki wangu anampenda hata akinichukia mimi.

Nikashika simu, nikaiweka. Simu za nyumba hizo nyingi ziko mifukoni mwa kina baba, na kina baba walikuwa njiani kwenda msikitini. Nikajitanda buibui juu ya nguo za jikoni nikatoka.

Msomaji wa kwingine huenda asielewe uzito wake. Futari ukishampa mtu haidaiwi tena. Watu hugombana mwaka mzima, hawasalimiani, lakini bakuli la futari hupita. Sijawahi kusikia mtu aliyekwenda kuomba lirudi.

Nyumba ya kwanza nilisema uongo. Nilimwambia yule mama mwenye mimba, "Nimekosea chumvi, nipe nikaurekebishe." Akacheka. Akasema chumvi si kitu, atauongeza tui, na lini mchuzi wangu ukamshinda mtu. Na bakuli akalisogeza nyuma yake, kwa ukarimu wa kutonisumbua. Nikaona wazi kwamba heshima yangu itamuua mtu. Nikamwambia, "Samaki mbovu. Mkwe wangu kala, kavimba uso. Nipe." Kicheko kikamkatika, akanipa.

Neno lile lilipotoka mara ya kwanza halikuwa jepesi mara ya pili; lilizidi kuuma. Nyumba ya pili nililisema mlangoni. Ya tatu, kwa mzee wa presha, nililisema kabla ya salamu, na mkewe alinitazama toka juu mpaka chini kana kwamba nimekuja na ugonjwa wangu mwenyewe. Ya nne walikuwa wamekwisha kulimwaga bakuli langu kwenye sinia, pamoja na ndizi zao, na ikabidi niondoke na sinia zima, na futari yao ndani yake.

Adhana ilianza nikiwa uani kwa bi mwalimu. Nikatua sinia na mabakuli chini, nikaingia bila hodi. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, kokwa ya tende pembeni, bakuli langu limefunuliwa, na tonge la mkate limeshachovywa. Nilimshika mkono. Mama mtu mzima, aliyenifundisha alifu na be, nilimshika mkono nikaushusha chini.

"Tangu n'zaliwe," alisema taratibu, "sijaona mtu anadai futari."

"Ina sumu, mwalimu. Nimeipika mimi mwenyewe."

Akalitazama bakuli. Akachukua kijiko, akageuza kipande, akageuza na cha pili.

"Kichwa chake ki wapi?"

"Sikukiona."

"Weye?" akasema. "Weye hukukiona?"

Akanawa mkono, akachukua tende ya pili, akaanza kusema dua yake. Angenitukana ningeondoka mwepesi. Nilitoka na bakuli chini ya buibui, nikamwaga vyote kwenye shimo nyuma ya nyumba nikafukia kwa mawe, paka na kuku wasije wakafukua. Mimi na mume wangu tulifuturu muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi. Sinia la watu wa nyumba ya nne nililiosha, nikalipakia muhogo uliobaki, nikalirudisha.

Mkwe wangu alirudi baada ya isha, uso umeanza kushuka. Walimpa vidonge vya kuondoa muwasho. Muuguzi alimweleza mwanangu jambo ambalo sikuwa nalijua: jodari akikaa na joto hujitengenezea sumu, na sumu hiyo haina harufu, haiondoki kwa moto wala kwa ndimu. Unaweza kumchemsha mpaka kesho. Pua yangu, basi, haikuwa na kosa. Kosa ni kuitegemea mahali ambapo mama yangu aliniambia nitegemee kichwa.

Usiku ule sikumwambia kitu yule msichana. Nilikuwa na hasira, na nilichelewa kujua kwamba si yeye niliyemkasirikia. Alikuwa tayari kuumwa, na majirani waumwe, kuliko kuniambia mimi neno. Nilijiuliza nilimfanya nini katika miezi minne mtoto wa watu akafika hapo. Jibu nililijua, na lilinitia haya.

Asubuhi bi mwalimu alituma bakuli. Halikuwa langu, lilikuwa lake. Nikafunua. Ndani mlikuwa na samaki wa changu mmoja mzima, mbichi, wa alfajiri, kichwa kimeelekezwa upande wangu, macho maangavu, matamvua mekundu. Hakutuma neno, na neno halikuhitajika. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mume wangu akaja kuchungulia.

Nilimpika changu huyo baada ya alasiri, kwa tui jepesi, chumvi, ndimu moja na nyanya mbili. Mchuzi ulipoiva nikamwita mkwe wangu. Alikuja akiangalia chini. Nikachota kijiko nikampa. Akageukia ukutani, kama wanavyofanya wenye haya wote.

"Geuka," nikamwambia. "Onja mbele yangu."

Akageuka. Akaonja, akafumba midomo, akangoja. Nami nikangoja. Nilihisi moyo unanipiga kana kwamba ni mimi niliyeolewa juzi.

"Samaki mzima, mama," akasema. Kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba yangu. "Ila chumvi haikutosha."

Katika jiko lile hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nikafunua kopo, nikatia chumvi, nikampa kijiko tena.