Ubongo wa Mashine ya Makanyagio

Juzi mashine ya kusaga ya Makanyagio, ile ya wafadhili inayoongozwa na kompyuta, ilizima ghafla tukiwa tumepanga ndoo foleni. Mama mmoja mbele yangu alikuwa ameloweka mahindi ya harusi ya binti yake. Wageni kutoka Kasekese walikuwa wafike kesho yake, na mahindi yalikuwa yameshaanza kuchacha.

Fundi akafungua kisanduku cha ukutani, akachomoa kidude cheusi chenye miguu kama tandu.

"Ubongo umekufa, mama zangu. Chuma bado kizima."

Akaweka mpya kutoka Dar, eti una kasi zaidi. Mashine kimya.

"Huu hauelewi mashine ya zamani," akasema. Mama wa harusi akaketi chini, mikono kichwani.

Fundi akaenda stoo ya misheni, akarudi na kompyuta ya ofisini iliyotupwa, eti haiwezi tena hata kuandika barua, kinyesi cha kuku juu yake. Akang'oa ubongo wake, akaupachika. Mashine ikanguruma! Mama akapiga kigelegele, akamimina ndoo.

"Baba," nikamuuliza fundi, "ubongo ulioshindwa kuandika barua unaendeshaje mashine?"

"Bibi, ofisini kazi hubadilika kila mwaka. Mashine kazi yake ni ile ile."

"Sasa kule ulitupwa kwa kosa gani?"

Akajikuna kisogo. "Ulipitwa tu, bibi."

Sijaelewa mpaka leo. Nyie mliosoma nielezeni. Ila nimerudi nyumbani nikamnyang'anya mwiko mkamwana wangu, anayesema nimepitwa. Ugali ni ule ule.